Daftari la Kuazima, Chumba Namba Tisa

Mimi ndiye mwenye ufunguo. Idara nzima
inaning'inia kwenye kamba ya kiatu shingoni mwangu:
rafu nne, meza moja yenye mguu wa tofali,
ramani ya nchi zilizojikunja kule kaskazini
kama mbwa aliyelala kwenye baridi,
na kamusi ya Kinorwe iliyoliwa na mchwa
tangu A hadi katikati ya F.
Mtoto, kwa lugha yao *barn*, kaliwa.
Baba, *far*, kaliwa.
Mama yumo bado, ukurasa wa mia tatu na kumi.

Alhamisi saa kumi ni saa ya kahawa.
Waswidi wana jina lake; Dakta Ombogo aliliandika ubaoni
na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kulifuta.
Mikate yao ya mdalasini hatuna. Tuna mandazi ya Risper wa getini,
na tuna Lutomia, mwaka wa pili,
ambaye kutukana kwa Kiswidi anajua
kuliko kusalimia.

Mwezi wa pili tulionyesha filamu.
Shuka la hosteli ukutani, theluji ikiangukia doa la chai,
nasi twafukuza mbu kwa vitabu vya sarufi.
Mtu mmoja akafungua mlango, akatazama nje, akatazama,
stima ikapotea Kisumu nzima.
Hadi leo hatujui alikuwa akimngoja nani.
Chesang anasema mkewe.
Lutomia anasema fundi wa stima.

Sasa sikia. Alhamisi moja ya mvua
akaingia Mama Siprosa Adongo kutoka Kibuye,
viatu mkononi, kopo la Kimbo kwapani.
"Nasikia hapa mnasoma lugha ya Sista Ragnhild."
Ndani ya kopo, barua tano
zilizokunjwa kama leso za kwenda nazo kanisani.
Sista alikuwa wa kliniki, yeye akimpikia.
Sista alirudi kwao anaumwa, mwaka wa sabini na nne,
na aliyeandika ni mama yake Sista,
aliyejua lugha moja tu, ya nyumbani kwake.
Miaka yote hiyo Siprosa amelala juu ya maneno hayo,
kopo chini ya kitanda.

Tukagawana, kila mtu barua yake.
Penye neno la B tuliruka, kama mtu avukavyo mtaro.
Goti linauma. Theluji imefika dirishani.
Kuku wameacha kutaga; je, huko kwenu wanataga mwaka mzima?
Katika zote tano aliuliza habari za kuku.
Hapakuwa na urithi. Hapakuwa na siri.
Chesang alisoma, "Asante kwa kumwosha miguu..." akakwama,
"...miguu... kuna neno hapa sina..."
"Mtoto wangu," akasema Mama Siprosa,
macho yakiwa kwenye mvua, si kwenye karatasi.
"Hapo amesema mtoto wangu."

Tulitazama. B, A, na nyingine mbili.
Dakta Ombogo alivua miwani akaifuta
kwa muda mrefu kuliko uchafu wake.

Daftari langu lina safu tatu:
jina, kitabu, tarehe ya kurudisha.
Yeye hakuazima. Kahawa alikunywa vikombe viwili,
akasema ni chungu, akaomba cha tatu.
Kisha akavuta kiti. "Mwandikieni."
Lutomia akanong'ona, "Mama, huyo atakuwa ameshakufa."
"Kwani mimi nimesema yu hai?
Andika: kuku wanataga.
Andika hata wakati wa kiangazi, ila kidogo.
Goti nami ninalo sasa, la kushoto."

Lutomia aliandika. Neno la kuku alilikosea,
Dakta akamsahihishia pembeni kwa penseli.
Stempu nilinunua mimi.
Na kwenye daftari, siku ile, mstari mzima,
nimeandika *Adongo, Siprosa*,
na safu mbili zilizobaki nimeziacha wazi.